Usiku mmoja katika kambi ya askari wa 1863: biskuti ngumu, hema la vipande viwili na kahawa ya kopo

Vikundi vya historia na vya maigizo vinavyojaribu kulala kama askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani hukwama palepale patatu. Biskuti zinaota ukungu kabla ya siku yenyewe kufika. Hema linavuja usiku wa manane. Kahawa inanuka masizi.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: mtu ameongeza kitu. Ametia hamira kwenye unga, ametandaza nailoni juu ya kitambaa, amewasha moto wa kuchoma mbuzi ili achemshe kopo moja la maji. Vitu vya askari yule vilikuwa vichache na vikavu kwa makusudi, na ukivitajirisha vinaharibika. Ushauri mwingi humu ndani ni wa kukuzuia usiongeze.

Tunamfuata askari wa miguu wa Kaskazini, yaani wa jeshi la serikali lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, mwaka 1863. Vipimo vyote ni vya watu wawili, maana kila askari alibeba kipande kimoja cha hema, na hema halisimami bila kipande cha mwenzake.

## Unavyohitaji

Biskuti
- Unga mweupe wa ngano gramu 900, usiotiwa hamira wala baking poda
- Maji mililita 450
- Msumari mnene, mpya, uliochemshwa
- Mizani ya jikoni (usidharau hii, ndiyo itakayokuamulia)

Hema
- Marekani nzito (kitambaa cha pamba kisichopaushwa), upana sentimita 90, mita 7
- Vifungo 9 vya mfupa au vya bati
- Kamba ya katani mita 6 kwa ajili ya uti wa hema, na mita 3 nyembamba ya kukata vitanzi
- Miti miwili yenye panda, urefu sentimita 140
- Mambo (vigingi vya hema) 8 za mbao, kila moja sentimita 30
- Turubai la kulalia na mablanketi mawili ya sufu

Chakula
- Buni mbichi gramu 90
- Sukari gramu 136
- Nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, na kipande cha mafuta yake
- Kikaango, sufuria ndogo au kopo la chuma lenye mkono wa waya

Posho ya jeshi la Kaskazini ilimpa kila mtu kwa siku gramu 340 za nyama ya nguruwe au gramu 567 za nyama ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa kwenye orodha rasmi, kwa hiyo asiyekula nguruwe hapunguzi ukweli wowote.

Onyo kuhusu kopo: usitumie la mabati yaliyopakwa zinki, wala lenye rangi au utando mweupe kwa ndani. Vyombo vya zamani vilivyounganishwa kwa madini ya risasi viache ukutani viwe pambo.

## Hatua ya 1: Oka biskuti, siku nne kabla

Mimina unga kwenye sinia, tia maji mililita 400, changanya. Yaliyobaki yaongeze kijiko kimoja kimoja mpaka donge lishikamane. Liwe gumu kuliko la chapati. Likinata vidoleni umezidisha maji, basi rudisha unga.

Usitie mafuta, maziwa wala hamira. Mafuta huvunda, maziwa huchacha, hamira huacha matundu ndani, na matundu hayo hunyonya unyevu wa hewa. Hata chumvi iache: nayo huvuta maji. Unga na maji, basi.

Kanda dakika 10, funika dakika 10 nyingine ili donge lilegee na lisijikunje unaposukuma. Kisha sukuma hadi unene wa sentimita 1. Biskuti za kiwandani za wakati ule zilikuwa nene kidogo, kama sentimita 1.2, lakini kwa tanuri la nyumbani unene huo huacha kiini kibichi.

Kata kwa kisu vipande vya sentimita 8 kwa 7. Donge hili hutoa vipande kama 20, kila kimoja gramu 67 hivi kikiwa kibichi. Askari alipewa tisa au kumi kwa siku.

Sasa msumari. Toboa mistari minne ya mashimo manne, yapenye mpaka chini, na zungusha msumari kidogo kabla ya kuuchomoa. Mashimo hayo ni bomba za mvuke. Biskuti isiyotobolewa sawasawa hufura kama andazi, ikabaki na mfuko wa hewa katikati, na ukungu huanzia humo.

### Kuoka ni kazi mbili, si moja

Kwanza unaivisha: nyuzi 190 kwa dakika 30, geuza, dakika 30 tena. Rangi iwe hafifu, kama ya mchanga mkavu. Zikiwa kahawia nje, ujue moto umekimbilia juu na ndani bado.

Pili unakausha: teremsha hadi nyuzi 100, acha mlango wa tanuri wazi upana wa kidole, saa tatu nzima. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Wanaona biskuti zimeiva, wanazifungia kwenye mfuko wa plastiki zingali na vuguvugu, na siku ya tatu wanaomba msaada.

Kwa jiko la mkaa, tandaza mchanga sentimita 3 ndani ya sufuria nzito, weka vijiwe vitatu, na sinia juu yake. Palia makaa juu ya mfuniko, mengi kuliko yaliyo chini. Kupima joto, weka kijiko cha unga mkavu kwenye kisahani ndani yake: ukigeuka kahawia hafifu kwa dakika tano, joto linafaa. Ukiwa mweusi, ondoa makaa ya juu nusu. Wakati wa kukausha, acha makaa machache tu na uweke kijiti kati ya mfuniko na sufuria mvuke upate njia.

### Utajuaje zimefaulu

Zipime zote pamoja. Zikizidi gramu 900 bado zina maji, zirudishe. Unga wa dukani wenyewe una unyevu wa karibu asilimia 13, kwa hiyo biskuti iliyokauka kweli huwa nyepesi kuliko unga ulioitengeneza. Gramu 820 hadi 840 ni pazuri.

Kisha gonga mbili: zilie kama vigae. Vunja moja kwa nyundo, siyo kwa meno. Ndani kuwe na rangi moja toka ukingo hadi ukingo, bila ukanda mweusi unaong'aa katikati.

Ziache zipoe kabisa juu ya waya, halafu zitie kwenye mfuko wa kitambaa. Kwa walio Tanga, Mombasa au Unguja, hasa wakati wa masika, mfuko hautoshi: tumia debe lenye mfuniko unaobana. Jeshi lilisafirisha biskuti hizi kwenye masanduku ya mbao ya ratili 50, na masanduku yaliyolala mvuani kwenye vituo vya reli ndiyo yaliyotoa biskuti za ukungu na fukusi. Askari alikuwa na dawa ya fukusi. Aliivunja biskuti ndani ya kahawa ya moto, wadudu wakaelea juu, akawaengua kwa kijiko, akaendelea kunywa.

## Hatua ya 2: Shona vipande vya hema, wiki moja kabla

Jina la kitambaa hiki si bahati tu. Pamba nzito isiyopaushwa ya viwanda vya New England ndiyo iliyouzwa Unguja kwa miongo mingi hata ikaitwa kwa jina la nchi yake, na ni vita hivi hivi, kwa kukata pamba ya Kusini, vilivyoipunguza sokoni huku na kuachia nafasi nguo za Uingereza na za India. Hema la askari nalo lilikuwa la pamba. Ukishona kwa marekani hujaenda mbali.

Chagua nzito kabisa dukani. Iinue kwenye mwanga: ukimtambua sura aliyesimama upande wa pili, irudishe.

Ifue kwa maji ya moto kabla ya kukata, kwa sababu mbili. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaozuia nyuzi kunywa maji, na pamba husinyaa. Ukishona kabla ya kufua, mvua ya kwanza itakufulia, na vifungo vitavutana.

Kisha jaribu. Kitandaze kwenye mdomo wa ndoo, mimina kikombe cha maji. Matone machache yatapita mwanzoni, halafu nyuzi zitavimba na kuziba, maji yatatuama juu. Hivyo ndivyo hema la pamba linavyozuia mvua. Maji yakipita mfululizo, kitambaa hakifai, na nta haitakiokoa.

Kipande kilichokamilika ni sentimita 157 kwa 142. Kwa kila kipande:

1. Kata marefu mawili ya sentimita 150.
2. Yaunge ubavu kwa ubavu kwa mshono wa kukunja mara mbili. Mshono ushuke toka kileleni hadi chini, usilale kando, ili maji yauteleze badala ya kuuvuka.
3. Punguza upana ubaki sentimita 165.
4. Pinda kingo zote sentimita 4.
5. Kwenye kila pembe, na katikati ya ukingo wa chini, toboa tundu, lizungushie uzi mnene kama tundu la kifungo, pitisha kitanzi cha kamba.

Ukingo wa sentimita 157 ndio wa juu. Kwenye kipande kimoja panga vifungo 9, cha kwanza sentimita 5 toka pembeni, vilivyobaki kila sentimita 18. Kwenye kipande cha pili shona matundu yanayolingana. Hema halisi lilikuwa na vifungo na matundu kwenye kingo tatu, ili mtu wa tatu aweze kuunga kipande chake na kuziba upande mmoja. Kwa usiku mmoja safu ya juu inatosha.

Vipimo vikipungua sentimita tatu nne kwa sababu ya kufua si neno. Lisilosameheka ni vipande viwili kutolingana: hema litapinda, na kitambaa kitakunjika kikusanye maji.

## Hatua ya 3: Piga hema

Fika saa kumi jioni, si magharibi. Tafuta mwinuko mdogo. Bonde lenye majani laini linavutia, lakini ulaini wake ni wa maji. Angalia juu kama kuna tawi kavu, na chini kama kuna njia ya siafu.

Kufuatana kwa kazi ni hivi:

1. Simika miti miwili kwa umbali wa sentimita 160, kila mmoja uingie ardhini sentimita 30. Itabaki 110 juu.
2. Piga mambo mbili mwisho wa mstari, mita 1.2 toka kila mti, zikilala kwa nje.
3. Funga kamba kwenye mambo ya kwanza, ipitishe pandani, pandani tena, uikaze kwenye mambo ya pili. Ikiguswa itetemeke.
4. Funga vifungo vya vipande viwili, kisha vitupie juu ya kamba. Kipande kilicho juu kwenye maungio kiwe upande upepo unakotokea.
5. Vuta pembe za chini na upige mambo sita, ukianza na pembe zinazotazamana kwa mshazari.

Wanaoanza na kitambaa kabla ya kamba hupata tumbo katikati ya hema. Hapo ndipo mvua hukaa.

Ukimaliza, upana wa chini uwe kama sentimita 180. Ukipata mita mbili miti imezama mno, na hema litakuwa bapa kiasi cha kugusa uso wako.

Askari hakubeba miti. Akiwa safarini alichomeka singe (kisu cha ncha ya bunduki) ardhini, bunduki ikasimama kichwa chini, na kamba akaifunga kwenye kinga za vifyatulio za bunduki mbili. Picha hiyo inavutia kuigiza, lakini usiifanye na bunduki yoyote ya kweli.

Chimba mfereji kuzunguka hema, kina cha sentimita 10, matone ya ukingo yaangukie ndani yake, na uutolee njia kwenye mteremko. Udongo utupe nje. Ukiusukumia kwenye kitambaa, utalowa na kuleta maji ndani.

Mambo matatu ya usiku: ukilala hapa usiguse kitambaa kwa ndani wakati wa mvua, maana unapogusa ndipo pataanza kudondoka. Mvua ikianza, toka ulegeze kamba ya uti, kwa sababu katani hukaza ikilowa na itang'oa mambo au itachana kitambaa. Na usitandaze nailoni juu. Mvuke wa pumzi zenu utagandama chini yake, na asubuhi mtaamka mmelowa bila mvua kunyesha.

## Hatua ya 4: Choo na maji

Kanuni za jeshi la Marekani za 1861 ziliweka choo cha askari hatua 150 mbele ya mstari wa kambi. Wengi hawakuzifuata, hasa usiku. Katika vita hivyo, kwa kila askari aliyeuawa na silaha, wawili hivi walikufa kwa maradhi, na kuhara kulikuwa mbele ya mengi.

Kwa hiyo chimbeni shimo kabla ya kuwasha moto, upande wa chini wa mteremko, mbali na maji. Koleo libaki palepale, na kila anayetoka afukie. Maji ya kunywa yachemsheni. Askari hakujua habari za vijidudu, ila kahawa yake ilimlinda bila yeye kujua, kwa kuwa ilikuwa imechemka.

## Hatua ya 5: Moto mdogo

Chimba mtaro wenye upana wa kiganja na nusu, kina kile kile, urefu wa hatua moja, ukielekea upepo unakotoka. Simika panda mbili kwenye ncha zake, laza mti mbichi juu, ning'iniza kopo sentimita 15 toka kwenye makaa.

Washa kwa vijiti vyembamba kama penseli, kisha subiri. Kahawa ya masizi ni kahawa iliyopikwa kwenye miali. Kuni ziwe zimekuwa makaa mekundu kabla chombo hakijapanda: dakika 25 au 30 hivi.

Kuni zilikuwa kisa kila walipopiga kambi. Maofisa waliwaruhusu askari kuchukua upau wa juu tu wa ua wa mkulima. Kila aliyefika akachukua upau wa juu, na hadi jua kuzama ua wenyewe haupo. Ninyi nunueni mzigo mmoja mkavu.

## Hatua ya 6: Kahawa

Hapa msifanye haraka. Barua na shajara za askari zinaizungumzia kahawa kuliko karibu chakula kingine chochote. Wa Kusini, waliofungiwa bandari, walikaanga shayiri, mahindi, viazi vitamu na hata mbegu za bamia kujaribu kupata mfano wake, na walinzi wa pande mbili walikuwa wakibadilishana kwa siri tumbaku ya Kusini na kahawa ya Kaskazini.

Kaanga. Buni gramu 90 kwenye kikaango kikavu, juu ya makaa, ukikoroga bila kupumzika. Zitapita njano, kisha rangi ya mdalasini, kisha zitaanza kulia kama bisi. Baada ya mlio huo hesabu dakika mbili, mwaga kwenye sinia baridi. Kwa jumla ni dakika 12 hadi 15. Ukiacha mkono utulie hata nusu dakika, upande mmoja wa punje unaungua na uchungu wake hautoki tena.

Pima. Gramu 90 zirudi kuwa 72 hivi. Jeshi lenyewe lilifanya hesabu hiyo: kwa posho 100 walitoa ratili 10 za kahawa mbichi au 8 za iliyokaangwa. Mizani ikisoma 80, bado ni mbichi na itakuwa na ladha ya majani. Ikisoma 65 umeunguza.

Ponda. Acha zipoe, zitie kwenye mfuko wa kitambaa, ponda kwa jiwe. Askari alitumia kitako cha bunduki ndani ya ndoo. Ukubwa uwe wa punje za mchele uliokatika. Unga laini, ule wa kwenye mabirika ya shaba barazani, hautatuama chini ya kopo na utaunywa wote.

Changanya na sukari. Sukari yote 136 ichanganye na kahawa yote kwenye mfuko mmoja. Inaonekana ajabu, lakini wengi walifanya hivyo: mfuko ulikuwa mmoja, na kila kijiko kilitoa vyote viwili. Mfuko ukilowa, sukari hugeuka jiwe, basi uweke ndani ya kikombe kikavu.

Chemsha. Maji nusu lita yachemke kwanza peke yake. Epua. Tia vijiko vitano vilivyojaa vya mchanganyiko, koroga, rudisha motoni mpaka povu lipande mara moja tu, epua kabla halijamwagika. Nyunyizia maji baridi vijiko viwili juu, subiri dakika tatu. Maji baridi huyazamisha machicha.

Iliyofaulu ni nyeusi yenye wekundu ukiinamisha kikombe, na machicha yamelala chini kama tope. Ikiwa yanaelea, hujasubiri.

Najua mkono utakwenda kwenye tangawizi na iliki. Uzuie mpaka kesho.

## Hatua ya 7: Kula biskuti bila kuvunja jino

Askari waliziita majina ya dhihaka, mojawapo likiwa na maana ya vitia meno ubutu. Zilitafunwa kavu pale tu ambapo hapakuwa na moto. Mapishi yaliyopendwa yaliitwa skillygalee:

1. Loweka biskuti kwenye maji baridi dakika 30. Msumari ukiingia kwa shida kidogo, tayari. Maji ya moto usitumie: nje hugeuka uji, ndani hubaki jiwe.
2. Zifute kwa kitambaa. Biskuti yenye maji ikitupwa kwenye mafuta hurusha matone ya moto mpaka usoni.
3. Yeyusha kipande cha mafuta ya nyama kikaangoni, kaanga kila upande dakika tatu hadi nne.
4. Chumvi mwishoni, baada ya kuonja. Nyama imekwisha kuleta yake.

Zitoke na ukoko wa kahawia, ndani zitafunike kama chapati ya jana. Nyama yenye chumvi nyingi ikatwe vipande na ilowekwe toka asubuhi, maji yabadilishwe mara mbili, kisha ichemshwe. Zaidi ya hapo haina siri.

## Hatua ya 8: Usiku

Tandaza majani makavu unene wa kiganja, ukipekua mbigili na wadudu. Turubai juu ya majani, blanketi moja juu ya turubai, blanketi la pili mjifunike wote. Turubai huwekwa chini kwa sababu baridi kali ya usiku hutoka ardhini.

Hema lina urefu wa sentimita 157. Ukinyoosha miguu itatoka nje, hilo si kosa lako la kushona. Walilala ubavu, magoti yamekunjwa, mmoja mgongoni mwa mwenzake, na anayetaka kugeuka aliwaambia wengine wageuke pamoja.

Mshumaa walisimika kwenye singe iliyochomekwa ardhini, tundu la kushikia bunduki likiwa kinara kamili. Ninyi usimikeni kwenye kiazi, nje ya hema. Marekani kavu hushika moto kwa sekunde chache.

Mkiwa sita au zaidi mnaweza kuweka lindo: saa mbili kazini, nne za kupumzika, zamu tatu zikizunguka. Saa mbili na nusu usiku majina yaitwe, saa tatu taa zizimwe. Mwenye tarumbeta apige ule mwito wa kulala ambao Jenerali Daniel Butterfield aliutengeneza Julai 1862 akiwa kambini Harrison's Landing, Virginia.

Vijana wenu wakiuliza kama weusi walikuwemo, jibu ni ndiyo: idara rasmi ya vikosi vyao iliundwa Mei 1863, na idadi yao ikafikia askari wapatao 180,000. Walilala kwenye mahema ya aina hii na kula biskuti hizi. Kwenye mshahara ndipo walipotengwa: askari mweupe alipata dola 13 kwa mwezi, mweusi 10, na tatu zikakatwa kwa ajili ya sare, hadi Bunge liliposawazisha Juni 1864. Anayeigiza nafasi hiyo na ajue hesabu yake, maana vikosi kadhaa vilikataa kabisa kupokea malipo hayo pungufu.

## Hatua ya 9: Asubuhi, kung'oa kambi

Mwamko ni saa kumi na moja alfajiri, majina yaitwe kabla ya kahawa. Moto ufufueni kwa makaa ya jana mliyoyafunika majivu.

Hema msilikunje likiwa na umande. Lianikeni juu ya kamba mpaka litoe sauti ya karatasi likikunjwa. Pamba iliyokunjwa mbichi huota madoa meusi ndani ya siku mbili, na pale penye madoa ndipo patakapovuja safari ijayo.

Kila mmoja achukue kipande chake, alaze blanketi juu yake, aviringishe pamoja kitambaa kikiwa nje, afunge ncha mbili kwa kamba. Mviringo huo uvaliwe toka bega la kushoto, ncha zikutane kwenye nyonga ya kulia, bega la bunduki libaki huru. Ukishuka chini ya nyonga utakupiga paja kila hatua, ufupishe.

Fukieni mfereji, mtaro wa moto na shimo la choo, kwa kufuatana hivyo, choo kiwe cha mwisho. Majivu yamwagiwe maji mara mbili, mkono uguse kati yake. Biskuti zilizobaki zirudisheni kwenye debe pamoja na karatasi yenye tarehe na uzito. Baada ya mwezi zipimeni tena: uzito ukipanda, debe linaingiza hewa.